Wajane wa Mchana

Nyinyi vijana mnaozunguka na tableti kifuani mkiuliza watu wana vijiko vingapi, ketini kidogo niwaambie mambo. Hizo njia mnazopita nilizipita kabla yenu. Nimeuliza maswali Kibera hadi magoti yakagoma, na yalipogoma nikastaafu, nikabaki kukaa kwangu Gatina, huku Kawangware, kwenye nyumba ya ghorofani ambayo ngazi zake sasa ndizo adui yangu mkubwa. Jina langu ni Mama Ndinda, lakini kule Gatwekera, kijiji cha Kibera nilichokizunguka zaidi, hakuna aliyejali kulijua. Waliniita Mama Maswali. Watoto wakiniona kwa mbali walikimbia mbele yangu wakipiga kelele, "Mama Maswali amekuja! Mama Maswali amekuja!" na mimi, mgeni wa kazi, nikadhani wananipenda. Kumbe walikuwa walinzi, wameandikwa kazi na mama zao.

Kazi yenyewe mnaijua. Shirika fulani linataka kujua jambo fulani, linaajiri watu kama sisi, tunagonga milango, tunauliza, tunajaza, tunaenda zetu. Leo ni maji, kesho ni vyoo, kesho kutwa ni kikohozi cha watoto. Kibera imeulizwa maswali hadi imechoka. Kuna nyumba niliingia nikakuta mama ameshaanza kujibu kabla sijafungua mdomo.

"Watoto watatu, maji ni ya kununua, choo ni ya plot, tunakula mara moja na nusu. Kuna ingine?"

Nikamuuliza hiyo nusu ni nini.

"Nusu ni chai. Andika tu. Wenzako huwa wanaandika."

Nikaandika. Mpaka leo kuna kompyuta mahali inayoamini kwamba chai ya rangi ni nusu ya chakula.

Sasa sikizeni mambo ambayo hamtafundishwa kwenye zile semina zenu za hotelini. Usikae kwenye kiti kilicho juu kuliko cha mwenye nyumba. Ukipewa ndoo iliyopinduliwa, kaa kwenye ndoo na ushukuru. Usimuulize mtu anakula mara ngapi kwa siku huku omena inakaangwa hapo kando, maana jibu na harufu vitagombana na wewe ndiye utakayeonekana mjinga. Umri wa mwanamke usiuulize moja kwa moja. Uliza kifungua mimba wake yuko wapi siku hizi, halafu upige hesabu zako ukiwa njiani. Na ukiambiwa huyu ni mtoto wa nyumba hii, mwombe akuletee maji ya kunywa. Mtoto wa kuazimwa hajui kikombe kinawekwa wapi.

Hilo la kikombe nililigundua kwenye plot moja pale Gatwekera, vyumba vya udongo na mabati vikitazamana, ua mdogo katikati na choo kimoja cha wote. Mlango wa kwanza nilimkuta mama mjane, kitambaa cha kijani kichwani, na mtoto anakohoa. Nikampa pole, nikauliza, nikajaza. Mlango wa pili nikakuta mjane mwingine, kitambaa chekundu, mtoto anakohoa. Mlango wa tatu, mjane, kichwa wazi, na mtoto sasa amechoka kukohoa, anacheka. Nikajiuliza, hii plot imewakula wanaume namna gani? Nikamtazama yule mama vizuri. Alikuwa anahema. Nikamwomba mtoto maji. Mtoto akasimama katikati ya chumba akizungusha macho kama mtu aliyepotea njia.

Mama akaangua kicheko, akajitupa kitandani, akavua viatu.

"Yawa, Mama Maswali, wewe umenimaliza! Nimekimbia hizo milango zote na hii mwili yangu. Kwani ulikuwa unaandika haraka hivyo kwa nini?"

Huyo ndiye Mama Awino, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto, aliyekuja mjini kutoka upande wa ziwa akiwa msichana. Wengine wana maprofesa. Mwalimu wangu wa kazi alikuwa yeye.

Alinieleza kila kitu pale pale, bila haya. Kwenye plot yao choo kilioshwa kwa zamu. Basi siku moja mwanamke mmoja ambaye mboga zake ziliungua akijibu maswali alishauri kwamba maswali nayo yawe kwa zamu. Mwenye zamu ndiye hukaa nje, hupokea watu wa utafiti, hujibu kwa niaba ya milango yote, na wengine wanaendelea kufua nguo zao kwa amani. Vitambaa vya kichwa vilikuwa vya plot. Hata kile kikohozi kilikuwa cha plot.

"Sawa," nikasema, "lakini kwa nini nyote ni wajane?"

Akaniangalia kama mtoto wa darasa la kwanza. "Mama Maswali, ukisema uko na mzee, umejiroga. Watakuuliza ako wapi, anarudi saa ngapi, halafu wanakaa hapo kwa mlango ati wanamngoja, kuna maswali ya wanaume. Na akikuja hajui kitu! Ananiuliza mimi, mimi najibu mara ya pili. Lakini ukisema wewe ni mjane, wanakuambia pole sana mama, wanaruka hiyo page, wanaenda."

Alikuwa sahihi. Enzi zile za karatasi ungeweza kuongopa kidogo, ukaipita sehemu ya mume ukasema utaijaza baadaye. Tableti ilipokuja, hapana. Ukibonyeza kwamba mume yupo, inafungua maswali yake na haikubali kusonga hadi uyajaze. Mjane ndiye mlango pekee wa kutokea. Kwa hiyo kutoka asubuhi hadi jua likianza kuinama, wanawake wote wa plot ile walikuwa wajane, na jioni waume zao walifufuka mmoja mmoja wakirudi kutoka mijengo. Wenyewe walijua na walifurahia. Bwana wa Mama Awino, mzee Odhiambo, mwashi mrefu mwenye mikono iliyojaa simiti, alikuwa akiingia langoni akitangaza, "Marehemu amefika! Kuna ugali ya marehemu hapa?"

Siku ile nilicheka hadi nikalazimika kuweka tableti chini. Mama Awino akacheka na mimi, halafu akanigonga bega.

"Na wewe je? Wako huwa unamuua saa ngapi?"

Nikamwambia wangu hakufufuka. Muthama wangu alikuwa seremala pale Kawangware 56, kwenye kituo cha matatu. Alitoka nyumbani asubuhi akiwa mzima, kifua kikamkamata akiwa bado ameshika randa mkononi, na jioni nikapika nikangoja. Nililisema hivyo tu, kwa sauti ya kawaida, kwa sababu nilikuwa nimezoea kulisema hivyo.

Mama Awino akaziba mdomo na kiganja. Kicheko chote kikamtoka usoni. Kisha akasema, "Basi kwako sitasema mimi ni mjane tena. Hata ikuwe zamu yangu. Kwako nitasema ukweli. Lakini na wewe uniambie ukweli. Haya majibu yangu ukiyabeba, yanaenda kulala wapi?"

Nyinyi mnacheka, lakini kabla ya hapo sikuwahi kuulizwa hivyo. Nikamtolea ile sala yetu ambayo hata nyinyi mnaisoma bila kupumua: majibu yako ni siri, hayataonyeshwa mtu yeyote.

"Siri kati ya watu wangapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Mimi. Msimamizi wangu. Yule anayepokea kwenye kompyuta. Wakubwa wa ofisini. Wafadhili. Wanafunzi wa chuo wanaopewa waandikie vitabu vyao. Vidole vikaisha.

"Hiyo sio siri," akasema Mama Awino. "Hiyo ni baraza."

Tangu siku ile nilibadilisha sala yangu. Nilimwambia kila mtu majibu yanaenda wapi kama nilijua, na kama sikujua nilisema sijui. Nilimwambia hili unaweza kulikataa, na hata katikati ukichoka niambie nifunge. Wenzangu walinicheka, wakasema nitarudi ofisini na mapengo matupu. Mapengo nilirudi nayo, ndiyo. Lakini watoto wa kuazimwa walipungua, na nilianza kupewa kiti.

Sasa niwaambie kilichomfika Mama Awino, maana nimezunguka sana.

Lilikuja shirika moja ambalo si langu, na lilikuja na kamera. Zamu ilikuwa ya Mama Awino. Akajibu kama kawaida: mjane, mara moja na nusu, kikohozi. Wakamwomba wampige picha, akasema pigeni, akifikiri ni ya kuwaonyesha wakubwa wao kwamba kweli walifika. Alikuwa na jino bovu siku hiyo, amekaa kwenye ndoo, shavu limelala kiganjani, macho yamezama. Ninyi mngeiona ile picha mngelia. Ile huzuni yote ilikuwa ya jino.

Miezi ikapita. Shirika likafanya mkutano wa kusaidia wajane katika ukumbi wa kanisa moja hapa Gatina, na wakatundika bango ukutani. Uso wa Mama Awino, mkubwa kama mlango, na maandishi chini: mama huyu wa Kibera alifiwa na mume na sasa anawalea watoto wake peke yake. Mkutano ukaisha, watu wakaenda, bango likabaki. Ukuta wa ukumbi ulikuwa na ufa mrefu na lile bango lilikuwa limeuziba vizuri, basi mchungaji hakuona sababu ya kulitoa.

Na katika kanisa hilohilo, kiti cha mbele kabisa, kila Jumapili hukaa Mama Mutua.

Mama Mutua ni mwanamke wa Machakos, mkali, kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, na mwanawe Mutua alikuwa ameingiwa na mapenzi ya msichana anayesuka nywele pale 56. Msichana huyo ni Awino, kifungua mimba wa Mama Awino wangu. Mnaona mambo yanapoelekea.

Siku ya kujitambulisha ilipofika, watu wa Mutua walienda Gatwekera na zawadi zao, na Mama Mutua alipomwona mama wa msichana akamtambua papo hapo. Akamkumbatia kwa machozi ya kweli. Akamwambia, "Pole sana, dada. Sisi kanisani huwa tunakuombea." Mama Awino hakuelewa, ila nani hukataa maombi? Akaitikia amina. Wakaingia ndani. Na huko ndani, kwenye kiti cha heshima, suti ya kahawia, viatu vimeng'aa, alikuwa amekaa mzee Odhiambo.

"Karibuni sana," akasema Odhiambo, amejaa furaha. "Mimi ndio baba ya Awino."

Mama Mutua alikunywa soda yake taratibu akimwangalia Odhiambo kuanzia viatu hadi kichwa, kama mtu anayekagua mbuzi sokoni. Mnajua hapa Nairobi kuna watu hukodisha wazee wa kuwawakilisha kwenye mahari. Waliporudi Gatina akatuma neno kupitia kwa mwanawe: sisi hatuna haraka. Kwanza tuambiwe yule mzee walimtoa wapi, maana bango la kanisani linasema mume alishakufa.

Awino akaacha kwenda kazini, akawa wa kulia tu. Mutua akawa katikati, mama huku, msichana huku, kila simu ikilia anaruka. Lakini aliyeumia kabisa ni Odhiambo. Utani ulimwisha. Jioni aliingia langoni kimya, akala kimya. Siku moja akamwambia mke wake, "Huyu mtoto nimembeba mgongoni kutoka hapa mpaka hospitali na mvua. Leo anaolewa, mimi niko hapa nikipumua, halafu naambiwa nilikodishwa?"

Ndipo Mama Awino akanipigia simu. Mimi tayari nilikuwa nimestaafu, miguu ndani ya beseni la maji ya moto.

"Mama Maswali, nisaidie. Wamemuua mzee yangu kwa bango. Nifufulie."

Nilipanda gari na magoti yangu hivyo hivyo. Tulienda ofisi ya lile shirika, mimi, Mama Awino na Odhiambo. Odhiambo tulimwacha kwenye ngazi kwa sababu hasira zake zilikuwa juu. Ndani tukampata kijana mmoja anaitwa Kevo, ana adabu, anatusikiliza bila kuchezea simu.

"Lakini mama," akasema pole pole, "si ulikubali kupigwa picha?"

"Nilikubali kuulizwa, na picha pia nilikubali," akasema Mama Awino. "Kuning'inizwa, hamkuniuliza."

Kevo angeweza kutuzungusha. Nimefanya kazi na wengi ambao wangetuambia turudi wiki ijayo. Yeye alisema wazi kwamba siku hizi sheria ipo, kwamba mtu ana haki ya kuonyeshwa alichoandikiwa, kikiwa si kweli kirekebishwe, na akitaka kifutwe aombe kifutwe. Akafungua kompyuta akaigeuza Mama Awino aone. Mama Awino akajiona pale, jino na yote, akasonya.

"Ila nikibadilisha hapa kwa mume," akasema Kevo, "wakubwa wataniuliza nimejua aje. Kuna kitu ya kuonyesha kwamba baba ako hai?"

Mama Awino akainuka, akaenda mlangoni, akaita kwa ile sauti ya ng'ambo ya mto. Hatua nzito zikapanda ngazi. Odhiambo akainama kidogo kupita mlangoni, akasimama mbele ya meza, akafunga kifungo cha suti.

"Mimi ndio ule marehemu," akasema.

Kevo alisimama, akamsalimia kwa mikono miwili. Sijui alikuwa anamheshimu mzee au anahakikisha ana joto.

Akaanza kurekebisha. Kisha vidole vikasimama. Akasogeza uso karibu na kioo, akashusha, akapandisha.

"Mama, naona hii plot yote ni wajane. Mlango kwa mlango. Hawa nao, pia wako na mabwana?"

Mimi niliangalia dari. Nilijua na Mama Awino alijua kwamba majibu yale yote yalitoka kinywani mwake, na kwamba akisema neno moja tu, majirani zake wataitwa waongo mbele ya wageni bila wao kuwepo. Akisema kweli ni wajane, anawaua waume wa watu kwa mara ya pili. Jasho lilimtoka puani. Odhiambo naye alimwangalia mkewe, na nafikiri kwa mara ya kwanza aliona ule mchezo wao ulivyokuwa mkubwa.

"Mimi nimekuja na mzee wangu," Mama Awino akasema hatimaye. "Hayo mengine niliyajibu mimi, lakini sio yangu. Ukitaka kujua ya jirani yangu Mama Otis, muulize Mama Otis. Na ukienda, uende jioni."

Kevo akacheka, akafunga ukurasa wa majirani. Picha akaifuta tukiwa tunaangalia. Mama Awino akamuuliza imeenda wapi sasa. Akasema imefutwa. Akamuuliza hiyo kufutwa iko wapi. Kijana akakuna kichwa, akasema ukweli kwamba picha ilikuwa imeshatumwa kwa wafadhili ng'ambo, kwamba atawaandikia waifute, ila hawezi kuapa kwamba hakuna iliyobaki. Nilimpenda kwa kutoapa. Kitu kikishatoka mkononi mwako, vijana, kukirudisha ni kazi, na mtu anayekuambia ni rahisi anakuchezea.

Bango Mama Awino alitaka literemshwe mbele ya watu waliolisoma. Basi Jumapili, ibada ilipomalizika, Kevo akapanda kiti mwenyewe akalitoa, ule ufa mrefu ukaonekana, na mchungaji akakunja uso kuliko siku zote. Mama Awino alilikunja bango akalibeba. Bango zuri Gatwekera halitupwi. Odhiambo alilipandisha juu ya nyumba mahali panapovuja, akaligeuza maandishi yakatazama chini, mabati yenyewe ndiyo yasome.

Bado Mama Mutua hakutosheka. Alisema hata bango linaweza kutolewa na mzee akawa bado ni wa kukodi. Kwa vile mimi ni Mkamba mwenzake na tunakaa Gatina moja, nikatumwa. Nilimkuta kwake barazani akichambua maharagwe. Nikamweleza mambo ya zamu, ya vitambaa, ya tableti isiyosonga. Alinisikiliza huku midomo ameikaza.

"Mama Ndinda, hata kama ni kuchoshwa," akasema, "mwanamke na akili zake anawezaje kusema bwana yake amekufa? Mbele ya wageni? Mimi siwezi."

"Sawa," nikamwambia. "Na wale wa maswali wakipanda hapa kwako, wewe huwaambia nini?"

Akaendelea kuchambua. Akatoa jiwe moja, akatoa lingine. Nikangoja. Kazi yangu ilikuwa kuuliza, lakini ujuzi wangu ni kungoja. Hatimaye akasema, akiwa ameinamia ungo, kwa sauti ndogo kabisa:

"Huwaambia mwenye nyumba ametoka. Mimi ni mama fua tu."

Niliangalia kile kitambaa cheupe, kile kiti cha mbele kanisani, yule mama mwenye heshima zake anayejiajiri kufua nguo zake mwenyewe ili aachwe apumzike, na nikashindwa kujizuia. Yeye akajaribu kukaza midomo zaidi, ikamshinda. Tulicheka hadi ungo ukamwagika na jirani wa chini akapiga dari na mpini wa ufagio.

"Woi, Mama Ndinda," akasema akipangusa macho, "na mmoja aliniuliza mshahara. Nikamwambia wananidhulumu."

Walirudi Gatwekera Jumamosi iliyofuata. Odhiambo alivaa suti ileile. Aliposimama kujitambulisha alisafisha koo, akasema, "Mimi ni baba ya Awino, na niko hai tangu nizaliwe." Mama Mutua ndiye aliyeanza kupiga makofi. Mambo ya harusi yakaongelewa siku hiyohiyo, na Awino akarudi kusuka nywele za watu akiimba. Zamu ya maswali nayo Mama Awino aliifuta. Aliwakusanya wenzake uani, akawaambia kuanzia sasa kila mtu ajibu yake au akatae yake, yeye amechoka kuua. Zamu ya choo iliendelea.

Mimi nilifikiri nimemalizana na maswali. Juzi nimekaa kwenye baraza langu, miguu juani, nikasikia mtu anapanda ngazi. Msichana mdogo, tableti kifuani, viatu vya chini vya kutembelea. Akanisalimia vizuri. Nikamwonyesha kiti, akakitazama, akachagua kigoda cha chini. Nikasema moyoni, huyu kafundishwa na nani? Akaniambia ametoka shirika gani, majibu yangu yatakaa wapi na nani atayaona, na swali nisilolitaka nimwambie aliache. Nilikuwa karibu kumpigia makofi. Kujifanya mama fua kukanishinda.

Akauliza ya maji, nikajibu. Ya choo, nikajibu. Ya chakula, nikasema mara tatu, na chai si nusu, chai ni chai. Kisha akasema, "Mama, na mzee ako?"

Najua swali hilo ndani na nje. Ukisema mjane wanakupa pole, wanaruka ukurasa, wanaenda. Nimelijibu hivyo miaka yote kila nilipoulizwa, na kila mara nimemwona Muthama wangu akirukwa kwa kidole kimoja. Asubuhi ile jua lilikuwa zuri, na kutoka huko chini barabarani nilisikia mtu anapiga randa.

"Ako," nikasema.

"Ameenda wapi?"

"Kazini. Ni seremala, pale 56."

"Anarudi saa ngapi?"

"Jioni."

Akabonyeza. Tableti ikafungua ile sehemu nyingine, kama nilivyojua itafungua, ikakataa kusonga. Msichana akaniangalia kwa aibu kidogo.

"Kuna maswali yake pia, mama. Naweza kumngoja?"

Nikainuka na magoti yangu, nikaingia ndani, nikamtolea kiti chake yeye mwenyewe Muthama, kile alichokitengeneza kwa mikono yake, nikakiweka karibu na changu.

"Toka hapo kwa kigoda, mwanangu, kaa hapa," nikamwambia. "Tumngoje sote."